Weusi chini ya mkungu: madoa sugu kwenye ua wa mawe ya Mazeras

Swali: Nina ua nyuma ya nyumba yangu hapa Mtwapa, umetandikwa mawe ya Mazeras, na ukingo wake wote ni wa matumbawe yaliyochongwa. Upande mmoja kuna mkungu mkubwa. Ua ulipokuwa mpya kila mgeni aliusifu, sasa naona haya kumkaribisha mtu. Chini ya mti pana weusi usiotoka. Pale penye meza na viti vya chuma pana alama za kutu. Karibu na jiko la nyama choma pana mabaka ya mafuta, na kandokando ya ukuta kunaota unga mweupe ambao hata ukisuguliwa hurudi. Nilimwaga jiki penye weusi, ukaondoka, lakini mahali pake pakabaki rangi ya hudhurungi. Kijana anayetusaidia akamwaga asidi ya chooni penye kutu, mawe yakawa manjano eneo zima na matumbawe ya ukingoni yakatoa povu. Fundi mmoja aniambia nipake vanishi ya mawe ifunike yote, mwingine aniambia ning'oe niweke vigae. Nifuate lipi?

Jibu: Dada yangu, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Using'oe, na hiyo vanishi usiiguse mpaka nikuambie wakati wake. Ua wako haujafa. Nimesoma barua yako mara kadhaa, na naona ndani yake madoa ya aina nne zilizotokana na mti, chuma, mafuta na chumvi, halafu juu yake kuna madhara ya dawa. Hayo ya dawa ndiyo yanayonihangaisha zaidi, kwa sababu huku pwani nyua nyingi huharibiwa na asidi kuliko zinavyoharibiwa na mafuta au majani.

Kwa hiyo kwanza simamisha kila kitu. Asidi isimwagwe tena hata tone, jiki isiongezwe, na brashi ya waya kama ipo iondoke kabisa uani. Kuna jambo la usalama pia ambalo sitaki ulipite haraka: jiki na asidi ya chooni zikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza macho na mapafu. Jiwe lililokwisha kunywa moja ya vitu hivyo huikaribisha hatari hiyo pale unapomwaga kingine, hata kama ni siku nyingine, hata kama uko nje penye upepo. Watoto na paka wasikae pale mpaka pasafishwe.

Sasa tulijue jiwe lenyewe, maana dawa huchaguliwa kwa jiwe kabla ya kuchaguliwa kwa doa. Mazeras ni jiwe la mchanga. Linatoka kwenye vilima vile unavyovipita ukitoka Mombasa kuelekea Mariakani, katika tabaka za mawe ambazo wanajiolojia wameziita kwa jina la Waduruma. Ukilivunja na kulitazama kwa karibu utaona chembe za mchanga zimeshikana, na kati yake mistari ya njano, ya kahawia, mara nyingine ya rangi ya damu ya mzee. Chembe hizo nyingi ni za kwatzi, na kwatzi haitishwi na asidi ya chooni. Lakini hiyo mistari ya rangi ni chuma. Chuma ndicho kinacholipa jiwe uzuri wake, na ndicho kilichokuumiza. Matumbawe ya ukingoni ni jambo jingine kabisa: hayo ni chokaa tupu, na chokaa huliwa na asidi ya aina yoyote, iwe ya chooni, iwe siki, iwe ndimu.

Fanya jaribio dogo. Chukua kipande cha Mazeras kilichobaki wakati wa ujenzi, au pembe ya jiwe isiyoonekana, ukwangue kidogo, udondoshee ndimu. Sogeza sikio. Matumbawe yatachemka na utasikia mchirizo mwembamba. Mazeras nyingi hunyamaza, lakini kuna nyingine ambazo chembe zake zimegandishwa na chokaa, na hizo nazo hutoa vipovu vidogo. Ukiviona, basi ua wako wote uhesabu kuwa wa chokaa na asidi usiifikirie tena milele. Jaribio la pili: dondosha maji kwenye jiwe kavu. Yakizama kabla ya dakika moja kwisha, ujue jiwe linakunywa sana, na kila kitu unachomwaga juu, dawa kwa doa, kinaenda chini.

Asidi ilifanya nini? Iliingia ndani ya vinyweleo vya jiwe, ikayeyusha chuma kilichokuwamo, halafu jua lilipowaka maji yakapanda juu yakibeba kile chuma, yakakauka, chuma kikabaki usoni. Ndiyo maana manjano imeenea mahali ambapo hapakuwa na kutu kabla. Hilo si doa la meza yako tena, ni chuma cha jiwe lenyewe kilichohamishwa. Na maadamu kuna asidi iliyobaki ndani, kila mvua itaendelea kukipandisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiua asidi. Lowesha eneo lote kwa maji matamu, mengi, uyaelekeze mbali na ukingo wa matumbawe. Kisha changanya gramu 100 za bikaboneti ya soda katika ndoo ya lita 10, ueneze kwa ufagio laini, uache nusu saa bila kukauka, uoshe tena. Rudia kesho yake. Kama jirani ana bwawa la kuogelea, muombe zile karatasi za kupimia maji ya bwawa: lowesha jiwe, bandika karatasi, na usomaji wa pH, yaani kipimo cha asidi, ukifika 7 au ukaipita kidogo, asidi imekwisha. Nasisitiza bikaboneti, si beking pauda, kwa kuwa beking pauda ina asidi na wanga ndani yake.

Matumbawe yaliyochemka hayarudishwi kwa dawa yoyote. Ule mkwaruzo unaouhisi ukipitisha kiganja ni jiwe lililokwisha kuliwa. Yapitishie msasa wa namba 120 ukiwa umelowesha, taratibu, ili kingo zilizochongoka zilainike. Penye mashimo makubwa jaza kwa chokaa na unga wa matumbawe uliochekechwa, usijaze kwa saruji. Baada ya mvua mbili tatu rangi zitakaribiana.

Twende kwenye weusi, maana hapo ndipo maelezo yako yalipo na thamani. Wengi wakiona weusi chini ya mti husema ni kuvu, wakamwaga jiki. Kuvu ikimwagiwa jiki hupauka na mambo kwisha. Weusi wako ulipauka ukaacha hudhurungi, na hapo jiwe lilikuwa linakuambia kitu. Majani ya mkungu, maganda yake na kungu zenyewe zimejaa tanini. Majani yakioza juu ya jiwe lenye unyevu, tanini huingia ndani, ikakutana na chuma, na vitu hivyo viwili vikiungana hutengeneza rangi nyeusi ya samawati. Huo ni wino, dada. Wino wa karne nyingi za hati na mikataba, wa Waarabu na wa Wazungu, ulitengenezwa hivyohivyo kwa tanini na chumvi ya chuma. Jiki iliharibu tanini, chuma kikabaki peke yake kikawa kutu. Ukiendelea kumwaga jiki hutapata zaidi ya hiyo hudhurungi, tena itakolea.

Kwa hiyo weusi wako, hudhurungi iliyofuata, alama za miguu ya meza na manjano ya asidi, yote ni ugonjwa mmoja: chuma. Na chuma huondolewa kwa kitu kinachokishika na kukitoa nje bila kulila jiwe. Dawa ninayoiamini kwa ua wenye Mazeras na matumbawe pamoja ni sitreti ya sodiamu, na unaweza kuitengeneza jikoni kwako. Nunua asidi ya sitriki ya unga katika maduka ya vifaa vya kuokea keki. Pima gramu 25, uiyeyushe katika mililita 200 za maji matamu ndani ya beseni kubwa la plastiki. Ongeza bikaboneti ya soda kijiko kwa kijiko, jumla kama gramu 33. Itafura sana, ndiyo maana nimesema beseni kubwa. Ongeza mpaka kijiko kinachoingia hakitoi povu tena, kwani hapo asidi imekwisha kazi yake na dawa haina tena ukali wa asidi wa kula matumbawe. Kisha tia mililita 200 za gliserini, ile ya kupaka ngozi inayouzwa dukani. Gliserini huizuia dawa isikauke kabla haijafanya kazi.

Dawa ya maji ikimwagwa tu juu ya jiwe hupotea chini. Inahitaji kitu cha kuishikilia. Tumia udongo mweupe mwepesi wa daiatomaiti, ambao kwetu Kenya huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Huuzwa kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa na kuulia wadudu. Ukiukosa, kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, itafaa, au hata karatasi nyeupe za shashi zisizo na rangi zilizopondwapondwa. Mimina unga polepole kwenye dawa huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito usioanguka ukigeuza mwiko. Vaa glavu na barakoa, maana vumbi la unga huo si la kuvutwa.

Kabla ya kubandika, lowesha jiwe kwa maji safi kisha pangusa maji yaliyosimama. Bandika uji kwa unene wa sentimita moja, uvuke mpaka wa doa kwa sentimita mbili kila upande. Funika kwa nailoni nyeupe, gandisha kingo kwa utepe, toboa vitundu vichache kwa sindano. Acha siku mbili. Halafu ondoa nailoni, uache uji ukauke wenyewe, na kwa unyevu wa Mtwapa jambo hilo laweza kuchukua siku nyingine mbili. Hapa ndipo kazi inapofanyika: uji unapokauka huvuta maji kutoka ndani ya jiwe kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta, na chuma kinapanda pamoja nayo. Ukiubandua kwa kipande cha ubao utaona upande uliogusa jiwe umekuwa wa njano au wa kahawia. Ukikuta uji umebaki mweupe kabisa, basi pale doa si la chuma na usipoteze gliserini yako.

Usitarajie muujiza mara ya kwanza. Sitreti ni dawa ya taratibu, na doa la miaka huhitaji mibandiko mitatu, minne. Kila baada ya mbandiko osha kwa maji matamu, acha jiwe likauke siku nzima, kisha ndipo uhukumu, kwa sababu jiwe likiwa limelowa huonyesha rangi nzito kuliko ilivyo. Na anza mahali pa siri, nyuma ya chungu cha maua, eneo la kiganja cha mkono. Mazeras ina chuma cha asili, na ukizidisha dawa utaivuta hata ile mistari mizuri. Simama pale doa linapokaribiana na jirani zake. Ukilifuata mpaka litoweke kabisa utabaki na baka jeupe, na baka jeupe halina dawa.

Kama alama za miguu ya meza zitakataa, kuna dawa nyingine isiyo na ukali wa asidi: ile inayouzwa na watu wa vifaa vya magari ya kuondolea vumbi la chuma kwenye rimu. Chagua ile iliyoandikwa kuwa haina asidi na kwamba hugeuka zambarau. Ikigusa kutu hubadilika rangi mbele ya macho yako, ikatiririka zambarau. Inanuka vibaya, harufu ya dawa za saluni za kutengeneza nywele, kwa sababu kiini chake ni cha ukoo mmoja nazo. Iache dakika kumi, usiiruhusu ikauke, osha sana. Unaweza pia kuchanganya na ule unga mweupe ukabandika. Asidi ya okzaliki, ambayo mafundi wengine watakupendekezea, mimi siishauri kwako: ni sumu inayoharibu figo, na iko karibu mno na matumbawe.

Hakuna maana ya kutoa kutu huku meza ikiendelea kuitengeneza. Vua miguu ya meza na viti, isugue, ipake rangi ya kuzuia kutu, uivishe vifuniko vya mpira. Vyungu vya maua vyenye pete za chuma chini navyo vitazame. Na ile brashi ya waya niliyokuambia uiondoe, sababu yake ni hii: kila msuguo huacha chembe za chuma zisizoonekana kati ya punje za mchanga, na baada ya umande wa usiku kadhaa kila chembe huwa kitone cha kutu. Mtu huamka akakuta ua una madoadoa mekundu asijue yametoka wapi.

Mafuta ya jikoni ni kesi nyepesi zaidi, lakini yanahitaji subira. Kama ni ya leo, usiyapanguse ukayasambaza, yamwagie unga wa kaolini au ule wa Kariandusi, uache usiku kucha, ufagie. Mabaka yako ni ya zamani, kwa hiyo anza na magadi. Yale magadi ya kupikia maharagwe yatakaa vizuri hapa, ingawa yaliyosafishwa na kuuzwa kama unga mweupe ni bora, maana yale ya mawemawe huja na udongo wake. Vijiko viwili vikubwa katika lita moja ya maji ya moto, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Mwaga, sugua kwa brashi ya nyuzi za katani au plastiki, acha robo saa, yanyonye maji machafu kwa matambara badala ya kuyasukuma kwenye jiwe la pili. Magadi huyageuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo siri yake. Rudia maji yakiwa bado yanatoka na rangi.

Kitakachobaki ni kivuli kilichoko chini zaidi. Hicho kitoe kwa mbandiko uleule, ila badala ya sitreti changanya unga na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, iliyo safi bila mafuta wala manukato. Fanya jioni jua likiwa limepungua, funika haraka kwa nailoni kwa sababu asetoni huruka upesi, acha siku nzima. Jiko la makaa lisiwashwe popote uani siku hiyo, wala sigara, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kutoka mbali. Na ukishamaliza, tafuta bamba au kigae kipana cha kuweka chini ya jiko. Mafuta ya mbuzi yataendelea kudondoka kila Jumapili, hayana budi yapate pa kudondokea.

Ule unga mweupe kandokando ya ukuta si uchafu na wala si wa jiwe. Ni chumvi. Inatoka chini: kwenye mchanga wa bahari uliotumika kutandikia, kwenye saruji ya viungo, au kwenye maji ya kisima. Nitakuuliza swali ambalo wewe mwenyewe utalijibu: ua wako huoshwa kwa maji gani? Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na kama kila asubuhi unapigwa deki kwa maji hayo, basi unalisha hilo tatizo kwa ndoo. Onja maji kwenye ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi, ua wako uoshwe kwa maji ya mfereji au ya mvua peke yake, hata kama ni mara chache zaidi.

Unga wenyewe utoe ukiwa mkavu. Sugua kwa brashi ngumu isiyo ya chuma, kusanya kwa kizoleo, katupe mbali. Ukimwagia maji chumvi inayeyuka, inazama, kisha inapanda tena, na ndiyo maana kwako hurudi. Rudia kukusanya kila unapoota, kwa wiki kadhaa, na utaona kila mara unapungua. Usipopungua kabisa, mtafute fundi wa bomba aangalie kama kuna maji yanayovuja ndani ya ukuta ule, au mtaro wa paa unaomwaga pale. Penye chumvi isiyokwisha mara nyingi pana maji yasiyokwisha.

Ukijani wa utelezi na kuvu ya kweli, kama ipo pembezoni, ni jambo dogo. Hapo jiki inaruhusiwa, mahali ambapo asidi haikufika na doa si la chuma: kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, robo saa, osha vizuri, mimea ya karibu iloweshe kwanza. Afadhali zaidi ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6, ya majimaji, inayopatikana famasia. Lakini dawa kubwa ni kupogoa mkungu upande mmoja ili jua liingie, na kufagia majani kabla hayajalala usiku yakiwa yamelowa. Zile kungu zinazotafunwa na popo na kutupwa chini nazo zifagiwe asubuhi. Mwezi mzima wa kufagia kwa ufagio wa chelewa unaushinda mtungi wa dawa.

Umeniuliza pembeni kuhusu mashine ya kuoshea kwa shinikizo, kama ile ya kuoshea magari. Kwa Mazeras siipendi. Shinikizo hung'oa punje za uso, jiwe linakuwa na vinyweleo vipana zaidi, na doa linalofuata linazama kwa kina kuliko la kwanza. Pia hutoa mchanga wa viungo. Kama ni lazima, itumiwe kwa shinikizo la chini, na mdomo wa kutawanya maji kwa upana, mbali na jiwe kiasi cha nusu mita, na kamwe usielekezwe kwenye matumbawe.

Jambo moja zuri: si kila doa linataka vita. Manjano ya kuku wa kupaka, kwa mfano, huliwa na jua lenyewe katika siku chache. Ukiisugua kwa magadi au sabuni itageuka nyekundu, utashtuka bure. Ifute kwa maji, iache. Zambarau na chai nazo hufifia sana juani mwezi wa Januari. Mimi doa la chakula hulipa wiki mbili za jua kabla sijatoa chupa yoyote kwenye mkoba.

Wakati mzuri wa kazi hii yote ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi mapema Machi, mawe yakiwa makavu na masika haijaanza. Fuata mpangilio: asidi iuawe kwanza, halafu chuma, halafu mafuta, na chumvi iendelee kufagiwa wakati wote huo. Kuna mawe mawili matatu ambayo huenda yasikubali, hasa yale ya katikati ya ile manjano. Hayo ndiyo pekee yanayostahili kuguswa na patasi. Mawe ya Mazeras ya kutandika aghalabu ni mabamba, yana sura mbili. Mwambie fundi akate kiungo polepole, anyanyue bamba, aligeuze. Sura ya chini ikisafishwa saruji yake mara nyingi ni safi kama siku lilipotoka machimboni. Yasipogeuzika, badilisha hayo tu, na uchukue mawe mapya yaliyokaa nje mvuani ili yasipishane sana rangi na mazee.

Sasa vanishi. Ile inayong'aa, inayokaa juu ya jiwe kama ngozi, kataa. Unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka chini vitakwama chini yake, vitaisukuma, itabanduka kwa magamba ikiondoka na uso wa jiwe, na kabla ya hapo utakuwa umefungia madoa yako ndani. Kinachofaa ni dawa ya kuzuia maji inayozama ndani ya jiwe, ya ukoo wa silani na siloksani, isiyong'aa, inayoacha jiwe lipumue. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha akiba cha Mazeras na kwenye kipande cha tumbawe, maana mengine hukolea rangi.

Nayo usiipake kabla ya kupima unyevu. Baada ya siku kadhaa za jua bila kuosha, tandika kipande cha nailoni cha upana wa mita moja juu ya mawe, gandisha kingo zote kwa utepe, acha usiku na mchana mmoja. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au jiwe limekuwa jeusi kuliko jirani zake, ua bado una maji, ngoja wiki mbili upime tena. Pima sehemu tatu: chini ya mkungu, katikati, na kandokando ya ule ukuta wa chumvi. Huko ukutani ndiko kutakakochelewa, na ua mzima unangoja mpaka huko kukauke.